Mikono Iliyonawa: Mambo Tuliyojifunza Garissa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi. Imechapwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini zamu ya siku ile.)



Sisi si madaktari. Sisi ni wafanya kazi wa njia, watu wa nyundo na kokoto, na elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, ambako mwalimu alitukagua kucha kila Jumatatu, na mwenye uchafu akarudishwa mtoni. Lakini tawi limetutuma tueleze tuliyoyaona na tuliyoyauliza tulipokwenda Garissa, nasi twaona si haki kunyamaza. Neno letu ni moja. Mtu aweza kuingia hospitali kwa shida moja akapata humo nyingine, na hiyo ya pili ndiyo ikamwua. Kinga yake ya kwanza si mashine ya bei kubwa. Ni maji, sabuni, na mikono ya watu.

Wengine watauliza, watu wa reli wana shughuli gani Garissa? Ni kweli, reli haifiki huko. Reli ya kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo imo katika mpango uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, lakini hatukuona hata taruma moja lililolazwa. Tulikwenda kwa basi, safari ya kilomita karibu 370 kutoka Nairobi, kupeleka ubani kwa mwenzetu wa gengi letu aliyefiwa na mkewe. Mwenyewe ametupa ruhusa tuseme habari yake, ila jina lake tumeliacha.

Ilikuwa mwezi wa Novemba 2023. Mke wa ndugu yetu alikuwa kwao, ng'ambo ya mto Tana, akikaa na mama mkwe. Uchungu ulipomshika alipelekwa hospitali moja ya sehemu zile, akazaa kwa kupasuliwa, mtoto wa kike mwenye afya. Ndugu yetu alipigiwa simu tukiwa njiani tunabadilisha mataruma. Tulimpigia makofi, na mnyapara akampa ruhusa ya kuondoka mwisho wa juma.

Siku ya tatu mama yule aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mshono ulikuwa mwekundu na wenye maji, lakini aliambiwa utakauka. Siku ya nne alisema anasikia baridi, na jua la huko mnalijua. Siku ya tano alikuwa akitetemeka na kupumua mbio. Mama mkwe alimpa chai na kumfunika blanketi, kwa kuwa mzazi kutetemeka si jambo geni machoni pake. Siku ya sita alianza kusema maneno yasiyo na mpango, na akamwuliza mama mkwe, "Wewe nani?"

Ndipo walipotafuta gari. Lakini mvua za mwezi ule zilikuwa zimejaza Tana, na maji yalikuwa yamekata barabara pale Mororo, kati ya Madogo na mji wa Garissa. Magari yalisimama safu ndefu. Wagonjwa, wachuuzi na mbuzi walivushwa kwa mashua. Naye alivushwa hivyo, amelala juu ya mkeka, mtoto amebebwa na jirani. Madaktari wa upande wa pili walimpokea vizuri na kufanya kila waliloweza, lakini alikufa usiku ule. Waislamu hawachelewi kuzika. Ndugu yetu alipofika ukingoni mwa maji akingoja mashua, mkewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

Tulipoketi naye msibani alituambia maneno haya: "Hakuna aliyetwambia dalili. Kama mama angezijua, angemrudisha siku ya nne, nayo barabara ilikuwa bado wazi." Maneno hayo ndiyo sababu ya hotuba hii.

Palikuwa na jamaa yao mmoja pale, mwuguzi wa miaka mingi. Tulimwuliza, je, ni uzembe wa mtu? Alijibu kwamba hakuwapo, basi hawezi kumhukumu mtu. Lakini alieleza jinsi kazi ilivyo mahali alipopata kufanya: usiku mmoja wauguzi wawili, wazazi zaidi ya ishirini, bomba limekauka tangu mchana, maji yaliyoletwa na lori yamewekwa kwanza kwa ajili ya chumba cha kupasulia. "Mikono yangu miwili yashika mshono huu, kisha ule, kisha kitovu cha mtoto," alisema. "Nikanawe wapi?"

Basi ni ugonjwa gani huu? Wazee waliuita sumu ya damu. Madaktari huuita sepsisi. Viini visivyoonekana kwa macho huingia mwilini, pengine kwa njia ya kidonda, mapafu, mkojo, au tumbo la mzazi. Mwili huanza kupigana navyo, na hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingine mwili hupigana bila kipimo, ukawa kama mtu anayechoma nyumba yake ili amwue nyoka. Damu hushindwa kufika inapotakiwa, figo, mapafu na ubongo huumia, na mtu hufa kwa muda wa saa au siku chache. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2020 ilionyesha kwamba katika mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 walikufa. Wengi mno walikuwa wa nchi kama zetu. Mwaka huohuo wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilitaka kila serikali iuhesabu ugonjwa huu kuwa jambo kubwa la kushughulikiwa.

Katika Kaskazini Mashariki mzigo huu wawaangukia sana wazazi. Hesabu iliyotokana na sensa ya 2009 ilionyesha kwamba kwa kila vizazi hai 100,000 walikufa mama 3,795 Mandera, 1,683 Wajir, na 646 Garissa, wakati hesabu ya nchi nzima ilikuwa karibu 500. Si wote waliokufa kwa sepsisi; kuna kutokwa na damu, na kuna kupanda kwa shinikizo la damu. Lakini sepsisi ni mmoja wa wauaji wakubwa wa wazazi popote duniani. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba kuzaa katika hospitali za umma ni bure. Lilikuwa jambo la heri, na mama wengi wakaenda. Lakini kitanda cha bure mahali pasipo maji ni nusu ya zawadi.

Tena asidhani mtu kwamba hili ni jambo la Garissa peke yake. Mto Tana ukitoka Garissa huteremka mpaka pwani, na kusini ya mlango wake iko Kilifi, yenye hospitali na watu wa uchunguzi. Hao waliwafuata watoto waliolazwa tangu mwaka 2002 hata 2009, wakatangaza matokeo mwaka 2011. Watoto walioingiwa na viini katika damu wakiwa tayari wamelazwa hospitalini hawakuwa wengi, karibu 6 katika kila 1,000. Lakini katika kila 100 wa hao, 53 walikufa. Waliokuja na viini katika damu kutoka nyumbani walikufa 24 katika 100. Wasiokuwa na viini katika damu walikufa 6 katika 100.

Ni kweli waliopatikana na balaa hili hospitalini mara nyingi walikuwa dhaifu tangu mwanzo, hasa wenye utapiamlo mkali. Lakini fikirini basi habari ya Kaskazini Mashariki, ambako mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020 hata mwisho wa 2022. Mtoto aliyedhoofishwa na njaa huletwa hospitali ili apone. Huyo ndiye ambaye mkono usionawa humdhuru upesi zaidi.

Sasa habari njema, maana hatukuja kuwatia hofu tu. Barabara ya Garissa inaanzia Thika, nasi tukirudi tulipita hapo. Katika hospitali ya Thika waligundua kwamba dawa za kuua viini zilikuwa zikitolewa baada ya kupasua, siku nyingi, sindano juu ya sindano. Wakageuza utaratibu: dawa itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, ili ikute viini mlangoni. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Vidonda vya juu vilivyooza vilipungua, gharama zikapungua, na wauguzi wakapunguziwa kazi ya kuchoma sindano zisizo na faida. Jengo halikuongezwa wala mashine haikununuliwa. Kilichobadilika ni saa ya kutoa dawa. Ndugu zangu, sisi watu wa reli twajua maana ya kufanya jambo kwa saa yake.

Habari ya kunawa mikono ni ya zamani zaidi. Katika mji wa Vienna, Bara Ulaya, alikuwako daktari aitwaye Ignaz Semmelweis. Aliona kwamba wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari ilikuwa na vifo vingi kupita ile ya wakunga. Akatambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti, kisha wakaenda moja kwa moja kuwashika wazazi. Mwezi wa Mei 1847 aliamuru kila mmoja anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa mama zaidi ya 18 katika kila 100; mwezi wa Juni walikufa karibu 2. Je, alishukuriwa? Hata. Wakubwa wengi walichukizwa kuambiwa kwamba mikono ya bwana daktari yaweza kuua. Alikufa mwaka 1865, naye aliuawa na kidonda kilichoingia viini.

Miaka miwili baadaye, 1867, Joseph Lister wa Glasgow alitangaza namna ya kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki, dawa itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Wazee wetu waliofanya kazi na mataruma ya mbao wanakumbuka kriosoti, ile dawa nyeusi yenye harufu kali iliyozuia mbao isioze. Kriosoti nayo yatoka katika lami hiyohiyo. Kwa hiyo, ndugu wa reli, jambo hili si geni kwetu. Tulijua siku nyingi kwamba taruma halingoji lioze ndipo lipakwe dawa.

Leo Shirika la Afya Duniani linafundisha nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, kama kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya hatari ya kugusa damu au uchafu wa mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Tulipomweleza mzee mmoja wa Garissa alicheka, akasema, "Wanangu, sisi twatawadha mara tano kila siku. Hatungoji mkono uonekane mchafu." Sisi si wa dini yake, lakini hatujapata kusikia maelezo bora kuliko hayo. Mkono hunawishwa kwa sababu wakati wake umefika.

Wenzetu wengine husema, mimi nimtazame daktari usoni nimwulize kama amenawa? Si adabu. Twajibu kwa mfano wa kazi yetu. Dereva wa treni haingii katika njia moja bila kibali. Mkuu wa stesheni akimwuliza kibali hasemi ametukanwa, wala hasemi, mimi nimeendesha miaka ishirini. Anakitoa. Kibali kile si cha kumdharau dereva, ni cha kulinda abiria. Basi mgonjwa naye ni abiria. Aulize kwa heshima: "Samahani daktari, umenawa?" Au jamaa yake aulize: "Dada, maji ya kunawa yako wapi? Tukusaidie kumimina." Mwuguzi mwema hatakasirika, na pengine atafurahi kwamba kuna mtu ameiona shida yake.

Maana hapa ndipo jambo hili linapokuwa la chama. Wauguzi, madaktari, wafagiaji wa wodi na wafuaji wa mashuka ni wafanya kazi kama sisi. Madaktari walipogoma siku 100, kuanzia tarehe 5 Desemba 2016, walidai mapatano ya mwaka 2013 yatekelezwe, mapatano yaliyohusu mshahara na pia hali ya kazi. Wauguzi waligoma tangu 5 Juni hata 2 Novemba 2017. Watu wengi waliwalaumu, na ni kweli wagonjwa waliumia. Lakini ni nani kati yetu angekubali kufunga bolti bila spana? Kumwambia mwuguzi anawe pasipo bomba ni kumpa kazi pasipo spana. Sehemu za Kaskazini Mashariki wana shida zaidi, kwa sababu wafanya kazi ni wachache na wengine wamefukuzwa na hofu. Tarehe 12 Aprili 2019 madaktari wawili wa Kuba walitekwa nyara Mandera, na mmoja alikuwa bingwa wa upasuaji. Kila fundi anayeondoka huwaachia waliobaki wodi zenye watu wengi na nafasi ndogo ya kunawa.

Tena kumbukeni mwaka 2020. Ilipokuja Korona, kila mlango wa duka na ofisi uliwekwa ndoo ya maji na sabuni. Hakuna aliyesema haiwezekani. Leo ndoo zile ziko wapi? Nyingi zimepasuka, nyingine zimegeuzwa za kufulia nguo. Jambo lililowezekana kwa hofu mwaka ule laweza kuwezekana kwa akili sasa.

Basi twaomba kila mwanachama afike nyumbani na mambo haya.

La kwanza, dalili. Mtu mwenye kidonda, aliyepasuliwa, aliyezaa au mwenye ugonjwa wa viini, akipatwa na homa kali au mwili kuwa baridi kuliko desturi, akitetemeka, akipumua mbio, moyo ukienda mbio, mkojo ukipungua, akichanganyikiwa au akilala asiamke vizuri, apelekwe hospitali saa ile ile. Mzazi aangaliwe hivyo mpaka wiki sita zipite, na uchafu wenye harufu mbaya au maumivu makali ya tumbo yasidharauliwe. Mtoto mchanga akikataa ziwa, akilegea au akipoa mwili, msingoje asubuhi. Na mkifika semeni waziwazi: "Twaogopa sepsisi."

La pili, dawa. Tusinunue vidonge viwili dukani kila tunapopata homa, wala tusiache dozi katikati kwa sababu tumepata nafuu. Viini huzoea dawa, na siku ya haja dawa haitafaa kitu.

La tatu, tukienda kumtazama mgonjwa tunawe kabla na baada, tusikae kitandani kwake, wala tusiguse mshono wala mipira ya dawa.

La nne ni la chama. Twaleta maombi manne mbele ya mkutano. Kila gengi liwe na maji ya kunawa, sabuni na sanduku la huduma ya kwanza, maana kidonda cha mguu kinachooza huanzia pale njiani. Katibu wetu awaandikie wenzetu wa vyama vya wauguzi na madaktari kwamba wakidai maji, sabuni na glavu, tuko pamoja nao. Na kwa kuwa tangu 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, kila mwanachama aliulize jambo hili kwao anakopiga kura. Tena mfuko wetu wa msiba utoe pia nauli ya dharura mgonjwa akiwa bado hai. Tulichanga haraka sana kwa ajili ya ubani. Fedha ileile, kama ingefika siku ya nne, ingelipa gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta ule tumekwisha kuujenga mara moja.

Mwezi wa Aprili 2024 maji yalikata tena barabara ya Garissa. Tana haitaacha kufurika kwa sababu yetu. Lakini siku ya nne hutangulia siku ya sita, na mtu anayejua dalili huondoka barabara ikiwa bado wazi.

Yule mtoto wa kike yuko hai. Tulimwona akiwa mikononi mwa bibi yake. Kabla ya kumpakata mmoja wetu, bibi alituletea birika na beseni, akasema kwa upole, "Naweni kwanza, wanangu." Tukanawa sote, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mnyapara wetu.